Pembe za Mnara wa Mwalimu

Mwalimu hajawahi kuniacha nimalize sentensi, kwa hiyo leo nitazimaliza zote hapa. Tumekaa naye ukuta kwa ukuta hapa Bariadi kwa miaka mingi. Ukianza kusema, anakukata. Ukinyamaza, anauliza kwa nini umenyamaza. Ukijibu, anakusahihisha jibu, kisha anakusahihisha Kiswahili ulichojibia, na chake mwenyewe kimejaa Kisukuma kama changu. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nasikia kelele za grenda tangu asubuhi hadi jioni na kichwa hakiniumi, lakini nikikaa na Mwalimu dakika kumi natafuta dawa.

Alinifundisha fizikia kidato cha pili. Siku moja alitupa swali la mtihani: kwa nini kitasa cha mlango huwekwa mbali na bawaba? Nikaandika, kwa Kiingereza changu cha kubahatisha, kwamba ni ili mtu asibanwe vidole. Alilisoma jibu langu mbele ya darasa zima, pole pole, kama anasoma Injili. Kisha akanisimamisha mlangoni kipindi kizima, nikaambiwa niusukume mlango kwa kidole kimoja, kwanza karibu na bawaba, halafu kwenye kitasa, nionje tofauti mwenyewe. Hakuwa mtu wa fimbo, nakiri. Lakini kuna siku nilitamani angenichapa yakaisha, maana tangu hapo hadi leo, nina mvi na watoto wanaonizidi urefu, jina langu kwake ni "wewe wa bawaba." Ananiita hivyo sokoni. Aliniita hivyo kwenye harusi yangu, mbele ya wakwe.

Salamu nayo ni mtihani. Ukimwambia "Mwangaluka, Mwalimu," anaangalia saa kwanza. Ikiwa jua limeshavuka utosi, anakujibu "Mwadila," ile ya mchana, kwa sauti ya mtu anayeweka alama ya kosa. Kisha anakupa maksi za jinsi anavyokusikia, maana huo ndio ustaarabu wa watu wa redio: tano kwa tisa ukiwa unasikika safi kabisa, na kushuka. Mama yangu mzazi, anayeishi kwangu, anapata tano kwa tisa kila siku. Mimi napata tatu kwa nne, "na kuna makelele nyuma."

Nimetaja redio. Ndiyo hasa iliyoniletea haya yote.

Mwalimu ana redio ya ridhaa. Si ile ya kusikilizia taarifa ya habari. Hii ni ya kuongea. Leseni yake ameitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni, juu ya picha ya harusi yao, jambo ambalo mkewe, Mama Mwalimu, hajalisamehe. Kwa redio hiyo anaongea na watu wa nchi ambazo mimi nazijua kwa jezi za mpira tu. Ukimwuliza kwa nini asipige simu kama binadamu wengine, anakwambia simu inapita kwenye mnara wa mtu, na yeye anataka kufika kwa mnara wake. Simu anayo. Iko kwenye droo ya kabati, imezimwa. Mtu wa ng'ambo ya dunia anampata kwa sekunde, na mimi jirani yake nagonga geti hadi vifundo vinauma.

Geti lenyewe nilimtengenezea mimi. Siku nilipomaliza alilizunguka mara mbili, akalifungua, akalifunga, akainama kutazama chini ya bawaba, akasimama. "Sijaona kosa bado," akasema. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote. Sijawahi kusikia akimpa mtu zaidi ya hiyo. Lile neno "bado" lilinikaa kooni mwezi mzima.

Sasa, kila Jumamosi saa kumi jioni, Mwalimu anaita mahudhurio. Msicheke. Alistaafu na kitabu cha mahudhurio cha shule, kile kirefu chenye mistari, na kwenye kitabu hicho ameandika majina ya watu kumi na mbili waliotawanyika duniani, wazee wenzake wengi wao, wenye redio kama yake. Anakaa mezani amevaa shati la mikono mirefu, amefunga vifungo vyote, anawaita mmoja mmoja. Amewafundisha kujibu kwa Kiswahili: "Nipo, Mwalimu." Kuna wa Nairobi, kuna wa Lusaka, kuna wa India. Na kuna mzee mmoja wa nchi ya baridi, dereva wa treni mstaafu, ambaye Mwalimu amekuwa akiongea naye miaka na miaka bila kumwona sura. Huyo hujibu wa kwanza, kabla hata jina lake halijaisha kutamkwa, na hujibu kwa kukohoa: "Nipo, Mwalimu," koho, koho. Aliyepo anapigwa tiki kwa kalamu ya bluu. Asiyekuwepo anatiwa msalaba mwekundu, na wiki inayofuata lazima ajieleze.

Zamani nilidhani ni utoto wa uzeeni. Siku moja nilipomcheka, Mama Mwalimu alinivuta pembeni jikoni kwake. "Fundi, usimcheke," akaniambia. "Shule ilipomwambia apumzike, alikaa kwenye kile kiti akiitazama saa ya ukutani, kengele inapogongwa kule shuleni anasimama. Anasimama, halafu hana pa kwenda. Hao wa hewani ndio wamemrudisha." Lakini hilo halimpi ruhusa ya kuniita wa bawaba mbele ya wakwe.

Mnara wake niliuchomelea mimi pia, mabomba matatu yaliyosimama na vyuma vya kukatiza katikati, mita kumi na nane kwenda juu. Tuliusimamisha kwa kamba na ng'ombe wawili wa mjomba wangu kutoka Shishiyu, Mwalimu akiwaamrisha ng'ombe kwa Kiingereza. Unashikiliwa na waya za stei, kama zile za nguzo za umeme: tatu katikati, tatu juu, zimeshuka hadi kwenye nanga tatu za zege ardhini. Watu walisema maneno yao, kwamba unafukuza mawingu, kwamba pamba itakauka. Mvua ikanyesha, wakaacha. Ng'ombe wa mtaani walipoingia kula mabua baada ya mavuno walijikunia kwenye waya, Mama Mwalimu akaanikia blanketi hapo hapo, na mnara ukasimama miaka yote hiyo bila kumsumbua mtu.

Kisha Mwalimu akataka antena kubwa. Ile ndogo, alisema, inamfanya asikike kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Akatengeneza mpya ya mabomba ya alumini, ina mikono mirefu kama uzio wa boma, akanipandisha niifunge kileleni. Antena ya namna hiyo huelekezwa: ukitaka kusikika kaskazini, uso wake utazame kaskazini. Nikaifunga. Nikashuka. Akasema hajaona kosa bado.

Kiangazi kikaja na ule upepo wa jioni unaopanda kutoka upande wa ziwa, unaopita Lamadi ukiwa umetulia na kufika kwetu ukiwa na hasira. Ndipo mnara ukaanza. Haukuinama. Ungeinama ningejua la kufanya. Ulijisokota, kama mtu anavyokamua nguo. Chini umetulia, juu unageuka, na antena inageuka nao. Inatazama kaskazini, upepo ukija inapelekwa hadi inatazama Lamadi, inarudi, inapelekwa tena. Na upepo huo huanza saa tisa unusu na kuisha jua likizama. Mahudhurio ni saa kumi.

Jumamosi ya kwanza hakujibu mtu. Mwalimu akatia misalaba kumi na miwili. Ya pili, kimya. Misalaba. Ya tatu nilimsikia kupitia ukutani akifoka peke yake kuhusu utoro na malezi. Wazee wa watu, wengine wana vitukuu, anawaita watoro! Mama Mwalimu akamwambia, "Darasa zima limetoroka, mwalimu kabaki na chaki." Hakuona kichekesho.

Ni mimi niliyeona. Jumamosi hiyo hiyo ya tatu nilikuwa uani kwangu napaka rangi dirisha, nikainua macho, nikaona antena imetazama Lamadi na saa ni kumi na dakika tano. Nikaenda kugonga geti.

"Mwalimu, wanafunzi wako wapo," nikamwambia. "Wewe ndiye—"

"Wewe wa bawaba," akanikata, "unakuja kunifundisha mimi uelekeo wa antena?"

"Toka nje utazame."

Akatoka. Akatazama juu. Upepo ukaivuta antena, ikaenda, ikarudi. Akarudi ndani na kufunga mlango bila hata kusema karibu.

Kesho yake nilipanda, nimejifunga mkanda. Karibu na kilele, kwenye maungio niliyoyachomelea kwa mkono wangu, nikakuta nyufa mbili nyembamba kama unywele. Chuma ukikipinda huku na huku kila jioni, mwisho kinachoka. Nikatazama chini. Hatua nane kutoka kwenye mnara, ng'ambo ya ukuta, ni dirisha la chumba cha mama yangu.

Mama alihamia kwangu kutoka Shishiyu miguu ilipokataa. Kitanda chake kiko dirishani kwa sababu mwenyewe alitaka apate kitu cha kutazama, na kitu chenyewe ni mnara wa Mwalimu. Nikamwomba ahamie chumba cha mbele. "Ng'wanone, mwanangu," akaniambia, "nimelala miaka na fisi nje ya boma. Leo nikimbie bomba?" Hakuhama. Nikawa nimebanwa na vichwa vigumu viwili, kila kimoja upande wake wa ukuta. Usingizi ulinipaa.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja Jumatatu. Naye alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu, kwa hiyo aliongea amesimama, mikono nyuma, lakini aliongea. Watu wameona unavyogeuka, akasema, wanaogopa, na mvua za kwanza zenye upepo mkali haziko mbali. "Mwalimu, nakupa hadi Jumamosi ya wiki ijayo. Upepo wa jioni uje, niuone mwenyewe haugeuki. Ukigeuka, unakatwa siku hiyo hiyo." Kisha akanigeukia mimi. "Na wa kuukata ni wewe, Fundi. Si uliuchomelea wewe?"

Mwalimu alitazama dirisha la sebule yake, mahali redio ilipo, na nikaona mkono wake umeshika kifungo cha shati unakizungusha, unakizungusha. Nilimhurumia. Huruma hiyo ilidumu kama saa moja.

Maana alifanya nini? Alinunua madaftari. Akakaa mezani akapiga hesabu za upepo, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Nikamwambia, turudishe antena ndogo. Akauliza, nimpigie kelele mtu wa kwenye theluji kwa antena ya mtoto? Nikamwambia, basi hamisha mahudhurio yawe asubuhi, asubuhi hakuna upepo. "Kipindi ni kipindi," akasema. Jamani! Mnara unakatwa, nyumba yangu iko chini yake, na mtu anatetea ratiba. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ijumaa akaenda Lamadi msibani. Nikaona hapo ndipo pa kumwokoa bila yeye kunikata. Kwangu mimi, kitu kikicheza unakikaza. Nikazunguka nanga zote tatu, nikazikaza zile skrubu za waya hadi waya zikawa zinalia ukizigonga. Nilijisifu, nikaenda kuoga.

Jumamosi saa kumi mnara ulikuwa unageuka vile vile. Tena sasa ulikuwa umetoa tumbo katikati, kwa kuwa nimeubana kutoka juu kwenda chini.

Mwalimu alirudi, akaweka begi chini hapo hapo getini. "Nani amekaza?"

"Nilitaka—"

"Nimeuliza nani."

"Mimi."

"Umeukaba koo," akasema. "Hesabu zangu zote zilikuwa za mnara ulionyooka. Ungeniuliza! Mtu mzima, fundi, unakaza tu kama unafunga gunia la pamba!"

"Na wewe umeandika madaftari manne hujashika hata spana!" Nilipiga kelele. Miaka yote ilinitoka siku hiyo. "Mama yangu amelala pale! Unajua amelala pale?"

Tukawa tumesimama hivyo, wanaume wawili, tunafokeana, antena juu yetu inakwenda Lamadi na kurudi. Ndipo dirisha la mama yangu likagongwa kwa fimbo.

"Ninyi," akaita. "Ninyi wawili. Mmewahi kukamata dume?"

Tukageukia dirishani.

"Nawauliza. Dume la ng'ombe, la kuchanjwa. Mnalikamataje?"

"Kwa kamba, Mayu," akajibu Mwalimu, kwa adabu ambayo mimi sijawahi kuipata.

"Kamba wapi? Mimi nalala hapa naona kila siku. Mmelifunga shingoni. Dume ukilifunga shingo, ukaze utakavyokaza, utalinyonga tu, kichwa litageuza. Kamba zinafungwa pembe. Ncha ya pembe hii, huku. Ncha ya pembe ile, kule. Lione kama litageuza kichwa."

"Mnara hauna pembe, Mayu."

"Si mnaye fundi hapo? Autie pembe."

Mwalimu aliutazama mnara. Akachutama. Akachora kwa kidole kwenye vumbi: umbo la mnara ukiutazama kutoka juu, pembetatu ndogo, na kutoka kila kona mkono mrefu unaotoka nje. Kisha kutoka kila nanga akavuta mistari miwili badala ya mmoja, mmoja ukaenda ncha ya mkono huu, mwingine ncha ya mkono ule. Nikaelewa kabla hajamaliza. Waya zetu zilikuwa zimefungwa kwenye mwili wa mnara wenyewe. Hapo zinaweza kuuzuia usianguke, lakini haziwezi kuuzuia usigeuke, hazina pa kushikia. Zikitoka mbali, kwenye ncha za mikono, kila ukitaka kugeuka kuna waya inayokataa.

"Bawaba," akasema Mwalimu kwa sauti ndogo. "Nilifunga waya kwenye bawaba."

Somo alilolifundisha maisha yake yote! Alilonisimamishia mlangoni kipindi kizima! Mganga hajigangi, lakini huyu alizidi. Nikasubiri aniombe radhi. Aliinuka, akajipangusa vumbi magotini, akaenda dirishani kwa mama. "Wabeja, Mayu. Tano kwa tisa," akamshukuru. Kwangu alisema, "Kesho saa moja asubuhi. Usichelewe."

Sitaeleza wiki ile yote, nitapandwa na hasira upya. Tulilegeza waya, tumbo la mnara likarudi. Nikachomelea upya zile nyufa na kuzitia vipande vya chuma pembeni. Nikatengeneza mikono mitatu ya chuma, kila mmoja urefu wa mkono wangu kutoka begani hadi ncha za vidole, na kuitia vyuma vya mshazari vya kuizuia isipinde. Nikaipandisha, nikaifunga, nikashuka. Mwalimu akachungulia kutoka chini na kipimo chake cha mbao, akasema mmoja umepishana na wenzake kwa upana wa kidole. Nikamwambia upana wa kidole mita kumi na nane juu, nani anauona? "Upepo," akasema. Nikapanda tena. Alikuwa na haki, na hilo ndilo linaloudhi zaidi ya yote. Ijumaa jioni waya sita mpya za juu zilikuwa zimefungwa, mbili mbili kutoka kila nanga. Nikafunga kitambaa chekundu kwenye ncha ya mkono mmoja, ili ukisimama pale nanga ya mashariki ilipo ukione kimelingana sawasawa na kona ya paa la Mwalimu. Kikihama, mnara umegeuka.

Jumamosi mwenyekiti alifika saa tisa, akapewa kiti. Mimi nikaleta grenda na waya mrefu wa umeme, maana hayo ndiyo makubaliano. Niliiweka miguuni na sikuitazama. Upepo ukaja kwa wakati wake. Ukabeba vumbi, ukabeba kanga ya Mama Mwalimu hadi ukutani kwangu, waya zikaimba zote sita. Kitambaa kilipepea hadi nikadhani kitachanika. Lakini ncha ile ya chuma ilibaki kwenye kona ya paa, haikwenda Lamadi wala kokote. Mwenyekiti alifumba jicho moja, akalifumbua, akabadilisha jicho.

Ndani, saa kumi kamili, Mwalimu akaanza kuita. Jina la kwanza halikuisha.

"Nipo, Mwalimu," koho, koho.

Mama Mwalimu akakaa chini palepale mlangoni. Wakajibu mmoja mmoja, wa Nairobi, wa Lusaka, wote. Mwisho Mwalimu akawaambia jambo kwa Kiingereza, na hata mimi wa bawaba nililielewa: kwamba kwa Jumamosi nyingi aliwaandika hawakuwepo, na asiyekuwepo alikuwa mwalimu. Aliwaomba radhi. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaomba radhi watu ambao hajawahi kula nao ugali.

Nikasubiri atoke aje na kwangu. Akatoka. Akapeana mkono na mwenyekiti. Akatazama juu, akanitazama mimi na grenda yangu.

"Mkono wa pili rangi haijakolea," akasema. "Utashika kutu."

Misimu miwili ya mvua imepita tangu siku hiyo. Mnara upo. Mama yangu bado yuko dirishani, na kila jioni ananitangazia kwamba dume limetulia, kana kwamba ni ng'ombe wake. Kilichoharibika ni masikio ya Mwalimu. Alikataa kifaa cha kusikilizia alicholetewa na binti yake; alisema kina makelele kuliko mimi. Mwishowe Mama Mwalimu aligonga geti langu. "Njoo umsikilizie," akasema. "Anaita, hawasikii." Kwa hiyo sasa Jumamosi zangu zimekwisha. Nakaa kwenye kiti kando yake, nimevaa zile spika za masikioni, yeye anaita, mimi nasikiliza, nikisikia "nipo" natingisha kichwa kukubali, yeye anatia tiki. Nikichelewa kutingisha ananipiga begani na rula. Nina umri wa babu.

Jumamosi iliyopita aliita jina la kwanza, la yule mzee wa koho, na sikutingisha kichwa.

Akaita tena. Nikasikia mchakacho wa hewa tu, safi kabisa, bila makelele. Akaita mara ya tatu, akimtazama mdomoni mtu asiyeonekana, kisha akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kukataa.

"Nenda katazame mnara," akasema.

Nikatoka. Upepo ulikuwa mkali. Nikasimama kwenye nanga ya mashariki, nikafumba jicho. Kitambaa kimechujuka, si chekundu tena, lakini kilikuwa pale pale kwenye kona ya paa. "Halijageuka!" mama akaniita kutoka dirishani, bila kuulizwa. Nilibaki nimesimama pale muda kidogo. Zamani, mtu akinyamaza, tulikuwa na upepo wa kusingizia.

Nikarudi ndani. Mwalimu alikuwa ameshika kalamu zote mbili mkononi, ya bluu na nyekundu.

"Umegeuka kidogo," nikamwambia, karibu na sikio.

"Kiasi gani?"

"Kama upana wa kiganja."

"Kuelekea wapi?"

"Lamadi."

Nilidhani atanikata, lakini safari hii sikuwa na sentensi ya kukatwa.

"Muongo," akasema. "Wewe wa bawaba ni muongo. Naupima kila Jumamosi kabla hujafika. Zile pembe zako hazijageuka hata upana wa kucha, na hazitageuka. Sijawahi kuona kazi safi kama ile."

Miaka yote nilikuwa nikiisubiri sentensi hiyo. Ningemlipa asiiseme.

Akaziweka kalamu zote mbili mezani. Kile kisanduku mbele ya jina la dereva wa treni akakiacha kitupu. Kisha akanisogezea maikrofoni.

"Ita wewe," akasema. "Labda ni sauti yangu haifiki."

Nikabonyeza kitufe, nikaliita jina la mtu nisiyemjua, nikaachia, nikasikiliza. Mwalimu alikuwa amenikodolea macho, anasubiri kichwa changu.